Maswali ya Wasomaji: Mpishi wa Ncha ya Kusini Anajibu

Toleo lililopita tuliwaomba mtume maswali kwa mgeni wetu: mama mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Denver huko Marekani, aliyewahi kupika katika kituo cha utafiti cha Amundsen-Scott, pale penyewe kwenye Ncha ya Kusini ya dunia. Amepika kiangazi na amepika majira ya giza pia. Ameomba jina lake lisiandikwe, "jamaa wasije wakaanza kuniagiza barafu ya harusi." Majibu ni yake, kwa maneno yake.

*Shikamoo shangazi. Mimi niko Njombe, na mwezi wa saba hapa tunalala na soksi. Hiyo baridi ya huko ni ya namna gani, na mwili unaihimili vipi? — Kijana wa Njombe*

Marahaba mwanangu. Tuanze na tarakimu tuzimalize. Wastani wa mwaka pale ni nyuzi 49 chini ya sifuri. Watu walianza kukaa na kupima mwaka 1957, na katika vipimo hivyo siku kali kuliko zote ni 23 Juni 1982, nyuzi 82.8 chini ya sifuri. Siku waliyoiita ya joto ilikuwa Krismasi ya 2011: nyuzi 12.3, nazo pia chini ya sifuri.

Sasa nikuambie kitu ambacho watu hawakitarajii. Baridi inavalika. Ukifika Christchurch, New Zealand, kabla ya kupanda ndege ya kwenda huko, unapewa koti kubwa jekundu, mabuti mazito, glavu za tabaka mbili tatu, kofia za kuficha uso. Na ndani ya kituo kuna joto. Mimi jikoni nilivaa fulana na bado jasho lilinitoka. Unatoka nje kwa kazi, unafanya haraka, unarudi. Kope zinaganda, ukipepesa zinashikana, unazifikicha, basi.

Kilichonitesa mimi ni pumzi. Kituo kiko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya kwenye ncha ni nyembamba zaidi, mwili unajiona uko juu ya mita 3,000. Mtoto wa pwani, niliyezaliwa nusu saa kutoka kivukoni Likoni! Nilishuka kwenye ndege, nikapanda ngazi za kuingia ndani, nikakaa chini kwenye korido nikahema mpaka mtu akaja kuniuliza kama nataka oksijeni. Wiki nzima ya kwanza usingizi unakatika, unaamka umekata pumzi.

La pili ni ukavu. Pale ni jangwa, usidanganywe na weupe. Theluji inayoanguka kwa mwaka ni kidogo sana, ila haiyeyuki, na imejilimbikiza mpaka barafu chini ya miguu yako ina unene wa mita 2,700 hivi. Hewa imekauka kiasi kwamba midomo inapasuka, pua inatoka damu, na kila ukishika kitasa cha mlango unapigwa shoti. Mafuta ya nazi niliyoyabeba kwa ajili ya nywele yaliishia kwenye vidole na visigino. Nenda na mengi.

*Mnakula nini jamani? Kuna soko? Mboga mnapata wapi? — Mama Lishe, Tanga*

Mwenzangu, swali hili ningelijibu toleo zima.

Soko hakuna. Kila kitu kinaingia kwa ndege kati ya mwezi wa Novemba na katikati ya Februari, ndege zile kubwa za mizigo zilizofungwa skii, vile vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji, badala ya kutegemea magurudumu. Baada ya hapo mlango unafungwa. Hakuna ndege ya kawaida mpaka mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kwa sababu kwenye baridi ile mafuta ya ndege yanaanza kuwa uji na mitambo yake haifanyi kazi. Kwa hiyo mpishi wa majira ya baridi anafunga hesabu yake mwezi wa pili, na kilichosahaulika kimesahaulika.

Nyama, kuku, samaki, siagi, mboga za kugandishwa, vyote vinakaa stoo iliyo chini ya theluji, nje ya nyumba. Unashuka mnara wa ngazi wa bati, chini huko ni nyuzi hamsini hivi chini ya sifuri na hakuna umeme wowote unaogandisha. Ni hali ya hewa tu. Nyama ikitoka pale ni jiwe. Inahitaji siku kadhaa kuyeyuka, kwa hiyo pilau ya Ijumaa unaianza mwanzoni mwa wiki. Tabu kubwa ni upande wa pili: mayai, viazi, vitunguu, soda, hivyo havitakiwi kuganda, na kule kitu kinachotakiwa kisigande ndicho kinachohitaji ulinzi. Makasha yake yanaandikwa maandishi makubwa, na ole wake atakayeyaacha nje akaenda kunywa chai.

Wewe unapika kila siku kwa hiyo hili utalielewa: maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa. Kwa sababu ya ule mwinuko, yanatokota kwenye nyuzi tisini hivi, si mia. Maharage unayachemsha mchana kutwa na bado yanakutazama. Bila jungu la presha hupiki maharage pale, wala mbaazi, wala makande. Wali nao unataka maji zaidi na subira zaidi. Unga wa ngano umekauka mno, unakunywa maji kuliko unavyodhani. Na hamira! Hewa nyepesi inaufanya unga uumuke kwa pupa, unafurika bakuli, halafu unalala. Nilipunguza hamira, nikakanda mara mbili, ndipo mandazi yakasimama. Iliki nilikuwa nimeiweka kwenye begi langu la nguo. Tui ni la kopo, sitakudanganya kwamba linafanana na la kukuna.

Mboga mbichi ni hadithi nyingine. Shehena ya mwisho ya Februari ikiisha, kuna chumba kidogo cha kuoteshea mboga, hakina udongo hata chembe. Mizizi inaning'inia kwenye maji yenye mbolea, na taa zinafanya kazi ya jua. Saladi, mchicha wa kizungu, kotimiri, matango, nyanya chache. Si nyingi za kushibisha watu, ni za kuwakumbusha. Mimi nilikata tango vipande vyembamba ili kila mtu apate chake, na nimeona mwanamume mwenye ndevu, fundi wa matrekta, ananusa kipande chake kwanza kabla ya kukila. Pembeni ya chumba hicho kuna kochi. Watu hukaa pale hata kama hawana kazi na mboga, kwa sababu ndipo mahali pekee penye unyevu hewani na rangi ya kijani.

Sikukuu kubwa si Krismasi, ni tarehe 21 Juni, katikati ya giza. Vituo vyote vya Antaktika hutumiana salamu siku hiyo. Meza zinatandikwa vitambaa, watu wanavaa mashati yaliyopigwa pasi. Nilitoa pilau ya nyama na kachumbari ya vitunguu na siki, nyanya za kutosha hazikuwepo. Seremala mmoja wa Alaska alikula, akaja jikoni kuuliza kile kigumu cha chini ya sufuria kinaitwaje na kama kimebaki. Tangu siku hiyo ukoko ulikuwa wa kugombewa.

*Hapa Dodoma maji ni ya mgao. Ninyi mnakaa juu ya maji matupu, bila shaka mnaoga mtakavyo. Na choo je? — Msomaji wa Dodoma*

Tunaoga mara mbili kwa wiki, dakika mbili kila mara.

Usishangae. Barafu si maji mpaka uiyeyushe, na kuyeyusha kunataka moto, na moto unataka mafuta, na mafuta yameletwa kwa ndege au kwa msafara wa matrekta yanayovuta matangi laini juu ya theluji umbali wa kilomita 1,600 hivi kutoka kituo cha McMurdo kilichoko pwani. Kila ndoo ya maji ina safari hiyo nyuma yake. Mtambo wanauita kisima cha Rodriguez, kwa jina la mhandisi wa jeshi la Marekani aliyeubuni. Wanatoboa barafu, wanashusha maji ya moto, barafu ya chini inayeyuka na kuwa bwawa lililofichika ndani kabisa, halafu wanapampu. Joto lenyewe ni lile la majenereta ambalo lingepotea bure. Kisima kikishakuwa kirefu mno wanaanzisha kingine, na lile shimo la zamani ndilo linalopokea maji ya choo na ya jikoni. Huko yanaganda, na habari yake inaishia hapo.

Dakika mbili ni za maji yanayotiririka. Unajilowesha, unafunga, unajisugua kwa nafasi yako, unafungua unajisuuza. Aliyekulia kuoga kwa kata na ndoo hana shida yoyote. Waliolalamika ni wale waliozoea kusimama chini ya bomba wakiimba. Nguo ni mashine moja kwa wiki.

*Assalaam alaykum. Bi mkubwa, kama jua halichomozi wala halizami, unaswali saa ngapi? Na kibla ni wapi mahali ambapo kila upande ni kaskazini? — Ustadh wa Pemba*

Waalaykum salaam, sheikh wangu. Nilikuwa nalisubiri swali hili.

Jua pale huchomoza mara moja kwa mwaka, mwezi wa Septemba, na kuzama mara moja, mwezi wa Machi. Mwezi nao unakaa juu wiki mbili hivi na kupotea wiki mbili. Kabla ya kuondoka nilimwendea sheikh wetu pale Mombasa, mzee mwenye subira. Aliniambia wanazuoni wamelizungumza jambo hili zamani, kwa kuitegemea ile hadithi ya siku itakayokuwa ndefu kama mwaka, ambapo Mtume alisema wakati ukadiriwe. Wako wanaosema ufuate nyakati za Makka, wako wanaosema ufuate mji ulio karibu wenye usiku na mchana. Akasema chagua moja ushikamane nayo, usiwe unahama kila ukiona njaa. Saa za kituo ni za New Zealand, kwa sababu ndege zinatokea huko, basi nikafuata Christchurch. Ramadhani yangu iliangukia kwenye giza. Kwa saa za Christchurch katikati ya mwaka mchana ni mfupi, funga ilikuwa nyepesi. Kazi ilikuwa kuandaa chakula cha mchana cha watu arobaini na ushee huku unanusa tu. Futari nilikula na kijana mmoja wa mitambo, si Mwislamu, ila alipenda tende.

Kibla sasa. Kweli, ukisimama kwenye ncha, kila upande ni kaskazini, na kila mstari ulionyooka kutoka pale ni mstari mmoja wa longitudo. Makka iko longitudo ya nyuzi 39.8 Mashariki. Kwa hiyo huhitaji hesabu ngumu, unatafuta tu mstari wa 39.8 na kuufuata. Kituoni wamekubaliana kuiita njia ya kwenda Greenwich, ule mstari wa longitudo sifuri, "kaskazini" ili watu waweze kuelekezana, basi kutoka hapo unageuka kulia nyuzi arobaini, umefika. Nilibandika kipande cha utepe sakafuni chumbani.

Halafu nikaangalia ramani, Ustadh, na hapo nikacheka peke yangu. Mombasa iko nyuzi 39.7. Lindi 39.7. Pemba yako ni hapo hapo. Mafia na Kilwa ziko jirani kabisa na mstari. Yaani mtu anayeswali Ncha ya Kusini akielekea Al-Kaaba, uso wake unapita Lindi, unapita Pemba, unapita Mombasa, ndipo unafika. Nilimpigia mama yangu kumweleza. Akasema, "Kwa hiyo unatusujudia?" Nikamwambia astaghfirullah, mama, mko njiani tu.

*Mtu akiugua sana katika hiyo miezi ndege haziji? — Muuguzi, Mwanza*

Kuna daktari na msaidizi wake, kuna chumba cha matibabu chenye vifaa vya kutosha, na kuna kuomba Mungu. Historia yenyewe inatisha kidogo. Mwaka 1961 katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya, daktari Leonid Rogozov alipatwa na kidole tumbo, na daktari alikuwa yeye peke yake. Alijipasua mwenyewe kwa ganzi ya juu juu, wenzake wakimshikia kioo na vyombo, akapona. Pale kwetu, mwaka 1999, daktari Jerri Nielsen aliona uvimbe kwenye titi katikati ya majira ya baridi. Alijichukua sampuli mwenyewe, dawa zikadondoshwa kwa parachuti, na ndege ikaweza kutua mwezi wa Oktoba kumchukua. Juni 2016 walifanikiwa kuwatoa watu wawili gizani kwa ndege ndogo ya Twin Otter, safari ya hatari ambayo marubani wachache duniani wanaithubutu.

Kwa hiyo wanaokwenda wanapimwa mpaka basi. Damu, moyo, meno, na wanaobaki majira ya baridi wanahojiwa na wataalamu wa akili. Mimi niliulizwa kama huwa nakasirika. Nikasema ninapika, sasa unadhani?

*Anti, giza miezi yote hiyo na sura zilezile! Hamchanganyikiwi? Hamgombani? — Msomaji wa Nairobi*

Tunagombana, mpenzi, lakini kamwe si kwa jambo la maana. Ni kijiko. Ni namna mtu anavyotafuna. Ni nani amemaliza pilipili ya chupa. Mpishi ndiye anayejua mapema, kwa sababu anaona nani amehama meza. Ukifika mwezi wa saba watu wanaanza sentensi na kuisahau katikati, mtu anaingia jikoni, anasimama, anatazama friji, anatoka. Unamwacha. Kesho ni zamu yako.

Giza lenyewe linakuja polepole. Jua likishazama Machi, mwanga wa machweo unabaki kwa wiki nyingi, ukizunguka upeo wa macho. Giza kamili ni kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Agosti. Madirisha yanazibwa ili taa zetu zisiharibu kazi ya darubini, na nje unatembea na tochi ya mwanga mwekundu, ukifuata bendera zilizopangwa kwenye miti. Ila nyota! Na zile taa za kijani zinazocheza angani, sikuzizoea hata siku ya mwisho.

Intaneti ilitegemea setilaiti kuukuu zilizochungulia upeo wa macho kwa saa chache, na saa hizo ziliwahi kwa dakika kama nne kila siku, kwa hiyo kuna majuma ambayo ili uzungumze na watoto lazima uamke usiku wa manane. Usafi ni wa zamu kwa wote. Nimemwona daktari wa fizikia akisugua choo, na alisugua vizuri. Tunachokiogopa hasa si giza, ni moto. Nyumba ikiungua huna pa kukimbilia. King'ora kikilia usiku kila mtu ana nafasi yake, na upande mmoja wa jengo una jenereta yake ya dharura kwa ajili hiyo.

Mchezo mmoja niwaambie. Baridi ikipita nyuzi 73 chini ya sifuri, wanajifungia sauna yenye joto la nyuzi 93, halafu wanatoka mbio mpaka kwenye alama ya Ncha na kurudi, uchi, buti tu mguuni. Mtoto wa Kibokoni nilibaki mlangoni, macho nimeyageuza, nikiwa na birika la chai ya tangawizi.

*Je, kuna pengwini na dubu weupe? — Darasa la Sita, Iringa*

Hapana, wanangu. Dubu weupe wako Ncha ya Kaskazini. Pengwini wako Antaktika lakini pwani, karibu na samaki. Pale katikati hakuna mdudu, hakuna jani.

*Mabilioni yote hayo ya nini? Wanatafuta nini huko? — Mlipa Kodi, Dar es Salaam*

Si kodi yako, kaka, lakini swali ni halali. Nilichokielewa mimi nimekipata mezani. Kuna mtambo uitwao IceCube, uliokamilika Desemba 2010: vipokea mwanga 5,160 vimening'inizwa kwenye nyaya 86 ndani ya barafu, kati ya mita 1,450 na 2,450 chini. Vinasubiri chembe ziitwazo nutrino, zinazotoka mbali sana angani na kupenya karibu kila kitu. Mara chache moja inagonga barafu na kutoa kimulimuli. Barafu ile safi na giza lile ndivyo vinavyoiwezesha kuonekana. Kuna darubini kubwa yenye kipenyo cha mita 10, nayo inapenda ule ukavu unaotutoa sisi damu za pua. Na kuna wanaopima hewa, ambayo ni miongoni mwa hewa safi kuliko zote duniani. Gesi ya kaboni imepimwa pale tangu 1957, na mstari wake unapanda tu. Hilo la mwisho linakuhusu wewe wa Dar moja kwa moja.

*Mimi ni fundi bomba, nina cheti cha VETA. Nifanyeje nipate kazi huko? — Fundi, Moshi*

Wataalamu wa sayansi ni wachache kuliko unavyodhani. Nyumba inaendeshwa na mafundi bomba, mafundi umeme, madereva wa matrekta, watunza stoo na sisi wa jikoni. Kwa hiyo ufundi wako ni wa kutafutwa. Kikwazo ni uraia: vituo vya Marekani kwa kawaida vinaajiri raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, na nchi nyingine nyingi zinafuata mtindo huo huo. Hata mimi niliingia nikiwa tayari na karatasi.

Kwa Afrika, Afrika Kusini ndiyo peke yake iliyokuwa miongoni mwa nchi 12 zilizotia saini mkataba wa Antaktika mwaka 1959, na bendera yake inasimama pamoja na zile nyingine 11 pale Ncha. Ina kituo chake, SANAE IV, na meli yake, S.A. Agulhas II, inatoka Cape Town. Ukiwa na njia ya kufanya kazi kihalali Afrika Kusini, anzia huko. Andika ujuzi wako wa maji ya moto, pampu na mabomba yanayopita kwenye baridi, hata kama ni vyumba vya baridi vya kiwanda cha samaki.

Na nenda kwa daktari wa meno kabla hujajaza fomu. Jino bovu limewarudisha wengi.